Ishara za mikono hazimcheleweshi mtoto kuongea

Shosti, umeuliza kama kumfundisha mtoto wa miezi 7 ishara kutamchelewesha kuongea. Wala, hakuna ushahidi wa hivyo, anza tu. Mi nilianza na "maziwa", unakunja na kukunjua ngumi kama unakamua ng'ombe, kila nikitaka kumnyonyesha namfanyia huku natamka neno, wiki zikapita hola, shemeji yako ananicheka, mpaka siku moja ana miezi 9 yuko mapajani kwa bibi yake mi napita na beseni la nguo, naona kale kangumi kanafunga kanafungua jamani, beseni nilibwaga pale pale!

Baadae ongeza "tena" na "imeisha", usimrundikie. Mdomo uende na mkono. Ila akifika mwaka hata ba-ba hatoi, kampime masikio.