Chupa Iliyoandikwa "TAKA"

Mwezi wangu wa pili kwenye stoo ya taka za kemikali na mionzi, mtu wa maabara aliniachia mlangoni chupa ya kahawia ya lita mbili na nusu. Lebo ilikuwepo, ila imeandikwa neno moja tu: TAKA. Nikaipandisha kwenye rafu huku nikijiambia nitamtafuta mwenyewe nimuulize. Kazi zikawa nyingi, sikumtafuta.

Usiku ikapasuka. Asubuhi tulikuta vigae vya kioo vimechoma katoni za upande wa pili wa chumba, na michirizi ya njano sakafuni inaelekea kwenye tundu la maji. Ilikuja kubainika kwamba mtu alimimina asidi ya naitriki iliyobaki kwenye chupa yenye masalio ya spiriti, kisha akakaza kifuniko. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea chupa inageuka bomu. Hakuna aliyeumia kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Asidi nayo haikufika kwenye mfereji kwa sababu mzee aliyenitangulia pale alikuwa ameliziba lile tundu kwa saruji miaka mingi nyuma, wenzake wakimcheka kwamba anaogopa hata maji ya kudekia.

Nilipomwendea kumshukuru, hata shikamoo haijaitikiwa vizuri, akauliza, "Ilikuwa na nini?"

"Sijui, mzee."

"Sasa uliipokeaje?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo naamini sehemu kubwa ya kulinda mazingira katika kazi hii ni kuhakikisha taka hazipotezi habari zake: ni nini, kiasi gani, zimetoka wapi, tangu lini. Taka zinazojulikana zina namna ya kutunzwa. Zikishapoteza jina, dereva, mtu wa tanuri, mwokota chuma na mchota maji wote wanazigusa gizani.

Tukio la Goiânia, Brazil, mwaka 1987, linanirudia kila mara. Kliniki ilihama, ikaacha mashine ya kutibu saratani kwenye jengo tupu. Waokota vyuma wawili wakakibeba kichwa cha mashine, wakakitoboa, kikauzwa kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani kulikuwa na unga wa seziamu-137, dutu yenye mionzi mikali, unaong'aa bluu gizani, watu wakagawiana kama urembo. Wanne walifariki, 249 wakakutwa na unga huo juu ya mwili au ndani yake, na zaidi ya 112,000 wakapimwa. Nyumba zilibomolewa, udongo ukakwanguliwa, na kutokana na unga usiofika hata gramu 100 zikapatikana taka za mita za ujazo zipatazo 3,500. Wale vijana walikuwa wanatafuta riziki. Aliyejua kilichomo ndani hakuwepo, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia.

Kwa hiyo kama umeanza kazi hii juzi, andika lebo kabla hujamimina tone la kwanza. Ukisema utaandika chupa ikijaa, siku hiyo utakuwa likizo. Andika jina kamili la kemikali, maana vifupisho vya maabara yako mwenzako wa jengo la pili havijui. Usijaze hadi shingoni, acha nafasi ya hewa. Weka chupa ndani ya karai linaloweza kubeba chote kilichomo endapo itavuja, na asidi isikae karai moja na viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia kama spiriti.

Kwenye taka za mionzi kuna jambo ambalo wageni hulidharau: kutenganisha kwa nusu uhai, yaani muda ambao nguvu ya mionzi inapungua kwa nusu. Nusu uhai ya teknishiamu-99m, dutu nyingine ya mionzi, ni saa 6; zikipita nusu uhai kumi, yaani saa 60, inabaki chini ya sehemu moja ya elfu. Iodini-131 ni siku 8, kwa hiyo siku 80. Seziamu-137 ni miaka 30, piga hesabu mwenyewe. Sasa mtu akitupa glavu moja yenye seziamu kwenye ndoo ya teknishiamu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, ndoo ambayo ingekuwa taka za kawaida wiki ijayo inageuka mzigo wa wajukuu wake.

Muda ukitimia, usiamini kalenda peke yake. Pima. Kwanza pima mahali pasipo na taka ujue kiwango cha kawaida cha chumba, kisha pitisha kipimo cha mionzi taratibu, kama sentimita moja juu ya mfuko, bila kuugusa. Nimeona watu wanakipunga kama wanafukuza nzi. Hapo hutapata kitu. Mfuko ukiwa salama, ondoa au futa alama ya mionzi kabla haujatoka. Ikiachwa, siku moja dampo zima litataharuki, na baada ya mara tatu watu watazoea kuipuuza hata inaposema kweli.

Na kwa heri yako, usimwage dawa ya klorini kwenye iodini ya mionzi iliyomwagika. Inaigeuza kuwa mvuke, ukaivuta.

Kikomo cha mionzi anayoruhusiwa kupokea mfanyakazi wa kazi hii ni wastani wa milisivati 20 (kizio cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka. Cha mwananchi ni 1. Mimi nina beji kifuani inayonihesabia. Mwenye bustani kando ya mfereji hana, wala hakusaini mkataba wowote. Nikisikia mtu anasema "mwaga tu kwenye sinki, maji mengi yatapunguza," namfikiria huyo. Kuna taka ambazo kibali kinaruhusu kumwaga, kwa kiasi kilichopimwa na kuandikwa. Nje ya kibali hicho, hapana.

Wala usidhani karatasi ya maelekezo haikosei. Mwaka 2014 kwenye hifadhi ya taka za mionzi ya chini ya ardhi huko New Mexico, Marekani, pipa lilipasuka kwa sababu taka zenye chumvi za naitreti zilichanganywa na mchanga wa choo cha paka, unaotumika kufyonza majimaji, uliotengenezwa kwa mimea badala ya ule wa udongo. Maelekezo yenyewe yaliandikwa hivyo. Hifadhi ikafungwa karibu miaka mitatu. Kama kitu hakikuingii akilini, simamisha kazi uulize, hata ukionekana msumbufu.

Yule wa chupa nilikuja kumfahamu. Miezi kadhaa baadaye alikuja dirishani kuomba chupa tupu. Nikampa, na kalamu ya maka juu yake, nikasimama pale hadi alipomaliza kuandika.