Maswali na Majibu: Seli Shina, Utumbo na Mapafu

Safu iliyopita ilimhusu Hans Clevers, daktari na mtafiti wa Utrecht, Uholanzi, ambaye amechunguza seli shina za utumbo kwa miaka mingi na baadaye akaingia kwenye utafiti wa mapafu. Maswali yamemiminika. Nimechukua matano, nami nayajibu kama mtu wa maabara.

Shikamoo. Nasoma kidato cha sita, Moshi. Tulifundishwa kwamba seli shina inaweza kuwa seli yoyote. Hizo za utumbo zinafanya kazi gani, na Clevers alijuaje zilipo?

Marahaba, mwanangu. Ulichofundishwa ni kweli kwa kiinitete, yaani mimba ya siku za mwanzo kabisa. Seli shina ya mtu mzima ina kazi finyu zaidi: inazaa mfano wake, na inazaa seli za kiungo chake basi. Ya utumbo inazaa utumbo.

Ukitazama slaidi ya utumbo mwembamba kwenye hadubini, utaona vijidole vimesimama kama nyuzi za taulo, na chini yake vijishimo. Seli zilizo juu ya vijidole zinashinda kwenye nyongo, vimeng'enya na chakula kinachopita, kwa hiyo hazidumu. Kila baada ya siku 3 hadi 5 zinabanduka, na nyingine zimeshapanda kutoka shimoni kuchukua nafasi.

Nani anazizaa? Wengi waliamini seli shina ni lazima iwe inayogawanyika kwa nadra. Mwaka 2007 kundi la Clevers, pamoja na Nick Barker, lilifuatilia katika panya seli zenye jeni iitwayo Lgr5. Ni seli nyembamba, zimebanwa chini kabisa ya kijishimo, na zinagawanyika karibu kila siku. Walizitia alama ya bluu inayorithiwa, ili mtoto na mjukuu wa seli hiyo naye awe bluu. Siku chache baadaye utepe wa bluu ulikuwa umepanda kutoka chini ya shimo hadi ncha ya kijidole. Miezi ikapita, utepe bado upo. Seli zote za kawaida zilikuwa zimekufa na kubadilishwa mara nyingi, ila mama alikuwa palepale.

Mwaka 2009 Toshiro Sato, daktari Mjapani aliyekuwa katika maabara hiyo, aliweka seli moja ya namna hiyo ndani ya tone la jeli pamoja na protini chache za kukuzia. Ikajenga kiutumbo kidogo chenye vijishimo vyake. Ndicho kinachoitwa oganoidi. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilishindwa kuondoa macho.

Assalaam alaykum. Niko Unguja. Je, seli hizi hutolewa kwenye mimba zilizoharibiwa? Nina wasiwasi wa kidini.

Waalaykum salaam. Hizi tunazozizungumzia, hapana. Zinatoka kwa mgonjwa mwenyewe, kwenye kinyama kidogo kinachochukuliwa wakati wa kipimo cha kamera. Zipo nyingine za kiinitete cha siku chache, zilizotengwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1998. Na zipo za Shinya Yamanaka wa Japani, aliyeonyesha mwaka 2006 kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa utotoni, iwe kama seli shina ya kiinitete. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Ukisoma habari yoyote, kwanza tafuta ni ipi kati ya hizo tatu. Hukumu ya kila moja waulize masheikh, ukiwa na maelezo hayo mkononi.

Baba yangu ana miaka 61, yuko Mwanza. Aliugua kifua kikuu akapona, na alivuta sigara miaka mingi. Sasa hata kupanda ngazi anahema. Kuna wakala anasema tumpeleke nje akachomwe sindano ya seli shina mapafuni. Familia inataka kuuza shamba.

Dada yangu, nakuomba msiuze shamba.

Mapafu nayo yana seli za kujikarabati. Kwenye vifuko vya hewa kuna seli zinazotoa utelezi unaozuia vifuko kushikamana, na hizo hizo ndizo zinazozaa seli mpya pafu likiumia. Shida ya mtu aliyeugua kifua kikuu ni kovu. Mahali palipokuwa na vifuko laini pamekuwa pagumu, na seli iliyodungwa kutoka nje haina pa kushika. Seli nyingi zinazodungwa kwenye mshipa hukwama katika vimishipa vya mapafu, na siku chache baadaye zimeondolewa na mwili.

Jambo hili limepimwa. Nchini Marekani wagonjwa 62 wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa seli shina, wengine maji ya dawa yasiyo na seli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: seli hazikuwadhuru, lakini pumzi yao haikuongezeka. Na hata hospitali kubwa si kinga. Huko Stockholm, kuanzia mwaka 2011, daktari Paolo Macchiarini aliwapandikiza wagonjwa watatu bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli zao wenyewe. Wote watatu walikufa, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Sasa baba afanyiwe nini? Kwanza makohozi yapimwe tena, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kurudi. Pili apimwe pumzi kwa kupuliza kwenye mashine, ijulikane njia za hewa zimeziba kiasi gani na kama dawa ya kuvuta itamsaidia. Sigara, kama bado ipo, iachwe leo. Tatu ni mazoezi ya mapafu yanayosimamiwa na mtaalamu. Pale hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafanyisha watu wenye makovu ya kifua kikuu programu ya wiki 6, na washiriki wakaweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Ulizeni kitengo cha fiziotherapia hospitali ya rufaa iliyo karibu nanyi.

Wakala akirudi, mwambieni alete jina la jaribio lililosajiliwa. Jaribio halali halimtozi mgonjwa bei ya shamba.

Mimi ni wa Mombasa. Nauziwa unga wa "seli shina za tufaha" kwa vidonda vya tumbo. Je, unaponya?

Hauponyi. Seli ya tufaha ikifika tumboni inameng'enywa kama tufaha lenyewe. Vidonda vingi vya tumbo vinasababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu za aina ya diklofenaki zinazomezwa bila mpangilio. Bakteria ana kipimo cha kinyesi au cha pumzi, na anatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Pesa ya unga ilipe kipimo.

Mimi ni muuguzi wa watoto, Arusha. Utumbo na mapafu vinakutana wapi hata mtafiti mmoja avishughulikie vyote? Na sisi huku inatuhusu nini?

Vinakutana tumboni mwa mama. Karibu wiki ya nne ya ujauzito, mapafu huchipuka kutoka kwenye bomba lilelile linalokuwa umio na tumbo. Kuna maradhi ya kurithi yanayovipiga vyote viwili: sistiki faibrosisi. Jeni yake, CFTR, iligunduliwa mwaka 1989. Ikiharibika, chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye utando wa seli. Makohozi yanakuwa mazito kama gundi, kongosho linaziba, mtoto anakula lakini hanenepi.

Hapo ndipo oganoidi ilipofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko sindano yoyote inayotangazwa. Mwaka 2013 watafiti wa Utrecht waliunda viutumbo kutoka vinyama vya wagonjwa, wakavitonesha kemikali inayofungua njia ya chumvi na maji inayojengwa na jeni ya CFTR. Kiutumbo cha mtu mwenye afya kinavimba ndani ya saa moja, kama andazi kwenye mafuta ya moto. Cha mgonjwa kinabaki vilevile. Ukiongeza dawa kikaanza kuumuka, una sababu ya kuamini dawa hiyo itamfaa mwenye kinyama hicho. Kijana mmoja Mholanzi, ambaye hitilafu yake ilikuwa adimu mno kufanyiwa jaribio la kawaida, alipata dawa kwa njia hiyo, na ikamsaidia.

Usiyaone kuwa maradhi ya Wazungu. Ipo hitilafu ya CFTR iitwayo 3120+1G→A ambayo inajulikana hasa kwa wagonjwa Waafrika, na watoto wake huku kwetu ni rahisi kuandikiwa utapiamlo, nimonia au kifua kikuu. Kwa hiyo, muuguzi, akija mtoto anayekohoa mwezi hadi mwezi, choo chake kina mafuta na kunuka sana, na mama anakwambia akimbusu anaonja chumvi, mwandikie daktari aulizie kipimo cha chumvi ya jasho kabla ya kozi nyingine ya antibiotiki.