Bosi mpya na KPI zake: muulize ni magunia mangapi

Kamwene dada wa Mafinga. Umesema meneja mpya kila asubuhi anahubiri KPI (vipimo vya kupimia kazi) na "kubadili fikra", na wewe wa stoo hujui ufanye nini. Pole, ila usitishike. Peter Drucker, mtaalamu wa uongozi wa kazi, aliandika habari za kusimamia kwa malengo tangu 1954. Serikalini walikuja na OPRAS, mfumo wa kupima kazi ya watumishi, sasa ni PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi yake. Fomu zinabadilika, swali ni lile lile: uliahidi nini, umefanya nini?

Mimi hapa Mbeya nilikaa miezi mitatu naitikia kwa kichwa vikaoni (jirani yangu alikuwa anapiga hesabu za mbolea ya viazi vyake). Siku moja nikamfuata bosi na daftari: "Bosi, huo ufanisi, kwa stoo yangu ni kitu gani hasa?" Akakuna kidevu, akatazama dirishani. Mwishowe akasema kupakia lori kusichukue zaidi ya muda wa saa mbili. Basi! Nikaandika tarehe, akasaini.

Nawe muulize hivyo hivyo, lakini ofisini kwake, mlango umefungwa. Ukimuuliza kikaoni ataona unamuumbua. Akikupa lengo lisilowezekana, mwonyeshe leja ya mwezi uliopita kabla hujasaini.