Bomba la hewa: alumini au plastiki?

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu lina injini ya lita 2 yenye tabo. Nataka kung'oa njia ya hewa iliyokuja nalo nifunge nyingine yenye nguvu zaidi. Nimeona seti ya alumini iliyong'arishwa na nyingine ya plastiki nyeusi. Wenzangu wawili wanabishana: mmoja anasema plastiki ni ya magari ya kwenda sokoni, mwingine anasema alumini inaipika hewa kabla haijafika kwenye injini. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wenzako wote wawili wako sawa, ila kila mmoja ana bomba lake kichwani, nawe hukuniambia unazungumzia lipi. Kwenye gari la tabo, yaani lenye kifaa kinachokandamiza hewa iendayo kwenye injini, hewa ina safari mbili. Kutoka kwenye filta hadi mdomo wa tabo inavutwa tu, haina presha. Ikishatoka kwenye tabo inasukumwa kupitia intakula (kifaa cha kuipoza) hadi throtoli (mlango wa hewa wa injini), na hapo ina presha na ina moto. Mabomba ya safari hizi mbili hayachaguliwi kwa kipimo kimoja.

Tuanze na safari ya kwanza. Ni kweli alumini inapitisha joto mara mamia kuliko plastiki. Egesha gari robo saa baada ya mwendo mkali, kisha fungua boneti uguse: la plastiki utalishika bila wasiwasi, la alumini utaliachia haraka. Lakini piga hesabu pamoja nami. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta takriban lita 100 za hewa kila sekunde, hata kabla tabo haijaongeza chochote. Ndani ya bomba la kipenyo cha milimita 76 hewa hiyo inakimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Bomba la urefu wa sentimita 60 inalipita kabla ya sehemu ya ishirini ya sekunde kwisha. Itapikwa saa ngapi?

Joto la bomba linakuuma pale gari linapojikongoja kwenye foleni, au unapoondoka mara tu baada ya kusimama. Hewa ikipanda nyuzi 10 inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi, na nguvu inapungua nayo. Kwa hiyo kabla ya tabo mimi huchagua plastiki, hasa naironi iliyochanganywa na nyuzi za kioo, kwa gari la kutumia kila siku. Ni nyepesi, na ndani ni laini. Ila filta ikiwa wazi nyuma ya redieta, inameza hewa ya moto moja kwa moja, na hapo hata bomba la dhahabu halikusaidii. Itafutie kwanza boksi na mdomo unaochota hewa ya nje. Mdomo huo usiushushe chini sana ya bampa, maana dimbwi moja la maji likivutwa linapinda koniroda, vyuma vinavyoshika pistoni.

Safari ya pili ndiyo inayonitia hofu ninapoona watu wanabana matumizi. Chukua hewa ya nyuzi 25, ikandamize kwa presha ya baa 1 juu ya ile ya kawaida: kwenye tabo ya kawaida inatoka ikikaribia nyuzi 120. Plastiki iliyotoka kiwandani ilitengenezwa kwa presha ya kiwandani. Ukiongeza presha kwa kubadilisha programu ya kompyuta ya gari, kona ile ile inabeba mzigo ambao haikupimiwa, huku imekwisha kukaushwa na miaka ya joto. Niliwahi kuletewa gari lililopoteza nguvu ghafla na kutoa moshi mweusi. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha plagi. Tulikuta kona ya plastiki baada ya tabo imepasuka kwenye mshono. Sensa ya hewa, inayopima hewa inayoingia, ilihesabu hewa ambayo haikufika kwenye silinda, petroli ikamwagwa kwa hesabu hiyo.

Hapo weka alumini, lakini kagua miisho yake kwa kidole. Lazima kuwe na ukingo ulioinuka kuzunguka bomba, wa kuzuia hozi ya silikoni isichomoke. Kwenye bomba la milimita 63, presha ya baa 1 inasukuma kiungo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 30. Klampu peke yake juu ya bomba laini itaachia. Chungulia pia mishono ya ndani. Chembe ya chuma iliyoachwa na mchomeleaji ikitoka kwenye bomba la baada ya tabo itaishia kwenye injini, si kwenye filta.

Kuna jambo hukuliuliza nami siwezi kuliacha, kwa sababu limeharibu injini nyingi kuliko ubishi wa alumini na plastiki. Pima kipenyo cha ndani pale inapokaa sensa ya hewa. Sensa husoma kasi ya hewa inayoigusa, na kompyuta hukisia iliyobaki kwa kipenyo cha kiwandani. Bomba la milimita 70 ukiliweka la 76, eneo linaongezeka kwa asilimia 18 hivi, kasi inashuka, na kompyuta inaamini hewa ni kidogo. Petroli inapungua wakati injini iko chini ya mzigo mkubwa. Pistoni zinatoboka hivyo. Kipenyo kikibadilika, kompyuta ipangwe upya kabla ya kukanyaga mafuta.

SWALI: Fundi, nina mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Naweza kujichapia kona ya kuunganisha filta na bomba?

JIBU: Inategemea umechapa kwa plastiki ya aina gani. PLA, ambayo wengi huanza nayo, hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na chini ya boneti joto hilo linafika kirahisi gari likisimama. Itajipinda, filta ichomoke, vumbi liingie. ABS, aina nyingine ya plastiki, inavumilia hadi karibu nyuzi 100, kwa hiyo kabla ya tabo, mbali na ekzosi, unaweza kuijaribu na kuikagua kila wiki. Baada ya tabo usiweke kitu chochote ulichochapa nyumbani. Kipande kikimeguka hapo, kinakwenda moja kwa moja kwenye vali.