Re: Kampuni imetuchimbia kisima, na moshi je?
Salaam ndugu yangu. Umeuliza kama kampuni iliyowachimbia kisima na kulipia watoto karo bado mnaweza kuishtaki kwa moshi. Mnaweza, tena sana, kisima ni hisani yao lakini hewa safi ni haki yenu, Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 42. Sisi huku Changamwe, Mombasa, tulinyamaza miaka kwa ajili ya basari, na masizi yanaganda nguoni kambani mpaka ukikung'uta kanzu mkono watoka mweusi. Kwanza nendeni NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, mkaulizie ripoti ya kampuni hiyo ya athari za mazingira, muone waliahidi nini kuhusu moshi. Andikeni tarehe na saa kila moshi ukitoka, pigeni na picha. Kortini kifungu cha 70 hakidai hata uthibitishe umeumia. Basari msizikatae, watoto wasome.