Mpe pesa ya wiki, usimpe ya muhula
Dadangu unayeuliza kijana wako anaenda chuo mwezi wa tisa na pesa hajui kushika, anza saa hii usingoje. Mimi wangu nilikuwa nampa 500 kila Jumapili jioni, nauli ya matatu, mahamri na bando zote humo humo, ikiisha Jumatano siongezi hata shilingi, na roho iliniuma wallahi. Wiki ya tatu akaanza kubakisha mwenyewe. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa salio likiisha, mweleze mapema, ada yake yahesabiwa kwa siku. Na pesa ya HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ajue ni deni, riba 4% kwa mwaka, si zawadi ya serikali. Yule mdogo mtume sokoni Kongowea na 200, arudi na chenji na hesabu.