Ile picha ya begi jipya

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umeuliza tiketi, umeuliza nguo za kubeba, umeuliza simu, halafu mwishoni kabisa ukapitisha haraka haraka: "Watoto sina wasiwasi nao, shangazi kasema wanazoea ndani ya wiki mbili. Wa kwako si walikuwa wanaongea kama wenyeji hata hamjamaliza kufungua masanduku?" Ya tiketi na nguo utajibiwa na yeyote. Hilo la watoto limeninyima usingizi, maana najua lilikotoka. Limetoka kwangu.

Ile picha mliyoipata, mwanangu kavaa sare, begi jipya mgongoni, meno yote nje, niliipiga saa moja na nusu asubuhi siku yake ya kwanza shuleni. Mama akaisambaza kwa ukoo mzima. Picha ya saa tisa alasiri hamkuiona kwa sababu sikuipiga. Saa tisa nilimkuta amekaa kwenye benchi la korido, amevaa suruali ya bluu isiyo yake, imemzidi mpaka imekunjwa mara tatu chini. Yake ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliopigwa fundo, unaning'inia kwenye ndoano pembeni ya begi lile lile jipya. Alikuwa na miaka mitano. Kujikojolea alishaacha tangu ana miaka miwili.

Nilikuwa nimemfundisha rangi, namba mpaka ishirini na wimbo mmoja wa kitoto kwa lugha ya huku. Sikumfundisha kusema "naomba kwenda chooni." Alinyoosha mkono kama alivyowaona wenzake. Mwalimu akadhani ana jibu, akamwita asimame. Akasimama, neno hana.

Njiani hakulia. Tulipofika mlangoni kwetu akaniambia, "Mama, kesho sitakunywa maji." Na kweli, wiki tatu nzima chupa yake ilikuwa inarudi imejaa kama nilivyoijaza asubuhi.

Jioni ile mkanipigia kuuliza shule ikoje. Nikasema nzuri, anaipenda.

Kwa hiyo kabla hujagusa sanduku, wakalishe wanao uwafundishe sentensi tano kwa lugha ya huko mnakokwenda: naomba kwenda chooni, naomba maji, naumwa hapa, sijaelewa, niache. Rangi watafundishwa shuleni. Hizi tano ni za mwili wao, hakuna wa kuwasemea. Wakaririshe mpaka wakasirike. Siku ya kwanza mwombe mwalimu akuonyeshe choo chenyewe, mwende na mtoto mpaka mlangoni, aone kitasa kinavyofunguka na maji yanavyovutwa. Mwombe pia kadi yenye picha ya choo, akae nayo mfukoni aioneshe tu, asihitaji kusema. Mimi kadi hiyo niliipata mwezi wa pili, na ilimchukua mwalimu dakika tano kuitengeneza.

Mengine usimlazimishe. Najua nimetoka kukwambia umkaririshe, lakini nisikilize. Wangu alikaa miezi minne shuleni bila kutoa neno. Mimi nikawa namsukuma mbele ya watu, "msalimie mwalimu, sema, si unajua?" na kila nikimsukuma anazidi kujificha nyuma yangu. Mpaka yule mwalimu wa kusaidia lugha akaniweka pembeni akanieleza kwamba watoto wengi wanaoingizwa kwenye lugha mpya hupita kipindi cha ukimya, wengine wiki chache, wengine miezi, na muda wote huo wanasikiliza na kuweka akiba. Nilimwamini siku niliyomkuta chini ya meza nyumbani, kapanga magari yake mstari mmoja, anayafokea kwa lugha ya huku na kwa sauti ya mwalimu wake kabisa: kaeni chini, mikono mapajani, nani hajamaliza? Kumbe yote yalikuwa mle ndani.

Ila usilale. Mtoto akiwa kimya hata nyumbani, hata kwa lugha yake, au ukimwita kwa nyuma hageuki, hilo si la lugha. Mpeleke akapimwe masikio, usisubiri.

Na akirudi kutoka shule, usimpokee kwa maswali. Saa zote zile amekaa anabana, anasoma nyuso za watu ili ajue kinachoendelea, akifika kwako anafumuka. Wangu alikuwa anatupa viatu, anapiga mdogo wake, analilia kijiko kwamba si kile alichokitaka. Nilimchapa, mdogo wangu. Nilimchapa kwa uchovu wake na wangu, mimi nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na hilo silisahau. Mpe chakula, mpe kimya, mwache alale sakafuni akitaka. Kama kazi mtakazopata ni za zamu, pangeni wewe na shemeji mmoja wenu awepo ile saa ya kutoka shule, hata mkipoteza masaa. Kuhusu pesa ya kutuma nyumbani, mtatuma pungufu. Mama ataelewa, na asipoelewa mwambie nimesema mimi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Mwaka ule ule wa kwanza tuliitwa shuleni. Mwalimu mmoja, kwa upole tu na kwa nia njema, akasema mtoto amechelewa kwa sababu nyumbani anasikia lugha nyingine. Akatushauri nyumbani tuongee lugha ya shule peke yake. Sikubisha. Mwalimu kasema, na mimi ni mgeni, nani wa kubisha? Tukarudi tukafunga Kiswahili chetu kama unavyofunga chumba cha wageni.

Unajua nilibaki na nini? Lugha ya kuamrisha. Kula, vaa, lala, njoo, acha. Lugha yangu ya huku wakati ule ilikuwa inatosha kazini na kwenye basi. Haikutosha kumsimulia mtoto hadithi, wala kumbembeleza aliyeota vibaya, wala kumwuliza vizuri nani alimsukuma uwanjani. Mwaka mzima mwanangu aliishi na mama asiyejua kuongea naye.

Halafu zikaja zile simu. Bibi yake anamwita, anamtania, anamwuliza amekula nini, na mtoto anaitazama simu, ananitazama mimi, ananirudishia. "Bibi anasema nini?" ananiuliza kwa lugha ya huku. Na mimi naichukua simu nasema, "Mama, mtandao unakatika, tutapiga kesho." Mdogo wangu, mtandao haukuwa unakatika. Hata siku ile uliyokuwepo, mama akasema huko kwenu mitandao mibovu kuliko huku, haukuwa unakatika.

Niliambiwa baadaye na wanaojua: mtoto mdogo anabeba lugha mbili bila kuumia, kuchanganya maneno si ugonjwa, na anayejengwa vizuri kwa lugha ya nyumbani hupata pa kusimamia akijifunza ya pili. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 29, unasema elimu imfundishe mtoto kuwaheshimu wazazi wake, na utamaduni na lugha yake mwenyewe. Nimekikariri kifungu hicho kwa sababu nilikihitaji nikiwa sina. Ukiambiwa uache Kiswahili, sema asante, rudi nyumbani, funga mlango, ongea Kiswahili. Kazi ya shule ni ile lugha ya shule. Yako hakuna atakayeifanya isipokuwa wewe.

Kuhusu kuongea kama wenyeji, shangazi hakudanganya kabisa. Mdomo ukishafunguka unakimbia. Mwaka wa pili wangu alikuwa anabishana na wenzake uwanjani mpaka nikawa namwonea fahari. Hapo ndipo sote tulipojidanganya, sisi na walimu. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alitenganisha vitu hivi viwili tangu 1979: lugha ya kucheza na kuongea mtoto huipata ndani ya kama miaka miwili, lakini ya darasani, ya vitabu na maelezo, huchukua kama miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake waliozaliwa nayo. Mwaka wa tatu wangu alikuwa anasoma ukurasa mzima bila kukwama, ukimwuliza ukurasa unasema nini, hajui. Kujumlisha anajua, ila hesabu ikiandikwa kwa maneno anabaki ameshika penseli. Wakasema mvivu. Baadaye wakaanza kusema huenda ana tatizo la kujifunza.

Ukifikia hapo usitie saini karatasi yoyote siku hiyo hiyo. Omba mkalimani mtu mzima, usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu. Mimi nilimtumia, na nilimwona akimeza maneno ya mwalimu ili yasinifikie. Omba apimwe na kwa lugha ya nyumbani pia, maana asiyejua neno na asiyeelewa jambo hawafanani. Kama kweli ana tatizo, litaonekana kwenye lugha zote mbili, na hapo ukubali msaada bila aibu.

Jina lake wasilikate. La wangu lina silabi nne, lilibaki moja kwa wiki nzima kabla sijajua. Nilikwenda nikalitamka polepole mara tatu mbele ya darasa, na watoto wakalishika kabla ya mwalimu.

Kuna siku nitakwambia mwache mkubwa kwa mama, amalize kwanza mwaka wake wa shule. Usinisikilize siku hiyo, nitakuwa nimechoka. Ondoka nao wote wawili. Mkubwa anasoma Kiswahili tayari, huyo ana mtaji, na kusoma hakujifunzwi mara mbili. Mbebee vitabu vyake hata kama mzigo unazidi, punguza nguo. Ninayemhofia ni mdogo, wa miaka minne, maana huyo husahau haraka kama anavyojifunza.

Na hili lifanye wiki hii. Nenda kwa mama na simu yenye chaji, mkae nje penye utulivu, mwambie asimulie. Hadithi zote alizotusimulia sisi, hata zile ndefu, hata zile anazochanganya katikati akaanza upya. Arekodi na salamu za kuwaamsha asubuhi, na za kuwalaza. Asiongee na simu, aongee na wajukuu kwa majina yao. Wa kwangu sasa anaelewa karibu yote, kujibu ndiko kugumu. Juzi alimwambia bibi yake "nimeshiba" bila mimi kumnong'oneza, na mama akanyamaza kidogo, nadhani alidhani mtandao umekatika.

Ukimaliza kurekodi, nitumie na mimi nakala.

Dada yako